UZI: Milonga Arusha na Moshi. Sakafu, muziki, na kuombana dansi bila mtu kuaibika

#1 SakafuLaini

Wakuu, habari za wikiendi. Maswali ya tango yamejaa kwenye uzi wa salsa mpaka wenye salsa yao wameanza kununa, kwa hiyo tuhamie huku. Nazungumzia tango ya Argentina, ile ya kukumbatiana na kutembea. Ukitafuta "tango Arusha" mtandaoni unaletewa bei ya matango soko la Kilombero, ndiyo maana nimeandika milonga kwenye kichwa cha uzi.

Swali linalorudi kila mara: kwa nini darasani watu wanajaa, siku ya kucheza wanakaa wameshika simu? Jibu huwa si hatua. Kinachokosekana ni utaratibu wa ukumbini. Mgeni hajui akae wapi, amwombe nani, aingie sakafuni saa ngapi na atoke lini. Asipojua hayo anakaa kimya, na wiki ijayo haji.

Maneno ya kuanzia, maana yatarudi humu. Milonga ni ile hafla ya kucheza, na pia ni jina la dansi moja ya haraka ndani ya familia ya tango. Neno lenyewe linatajwa kuwa limetoka Kikimbundu cha Angola, mulonga kwa umoja, milonga kwa wingi, maana yake maneno. Ngeli ya M/MI hiyo, jamani. Tanda ni fungu la nyimbo 3 au 4 za okestra moja ambazo unacheza na mtu mmoja. Kortina ni kipande kifupi cha muziki mwingine kinachotenganisha tanda na tanda. Ronda ni mzunguko wa wachezaji, nao unakwenda kinyume cha saa. Praktika ni siku ya mazoezi, ambapo ruhusa ipo ya kusimama katikati na kuulizana.

Sasa hesabu ya ukumbi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea kabla hata muziki haujawashwa. Chukua chumba cha mita 8 kwa 6. Viti na njia ya kupita vinakula mita 1 kila upande, unabaki na sakafu ya mita 6 kwa 4. Njia ya ronda, ukiipima katikati ya jozi, iko kama sentimita 75 kutoka ukingoni, kwa hiyo mzunguko wote ni mita 14 hivi. Kila jozi inataka mita 1.5 ya njia. Hapo ni jozi 9. Ya 10 ikiingia migongo inaanza kugusana, ya 12 ikiingia visigino vinatafuta miguu ya watu. Mkialika watu 40 kwenye chumba hicho, nusu watakaa, na hilo si baya mradi viti vipo na wanaonana.

Sakafu. Mbao ndiyo bora, terazo iliyosuguliwa inafuata. Saruji tupu inatafuna soli na kuchosha magoti. Vigae vina mitaro inayonasa kisigino chembamba. Vumbi letu la Arusha ni jeusi, laini, na linafanya kazi ya msasa: fagieni, kisha pitisheni kitambaa chenye unyevu kidogo sana saa 2 kabla ya watu kufika, na wekeni gunia mlangoni. Viatu vya kuchezea vivaliwe ndani tu. Nta ya sakafu msipake, na poda ya watoto ndiyo kabisa, mtu mmoja akiimwaga pembeni ili ateleze vizuri jozi nzima inakwenda chini upande wa pili.

#2 Njiro_Jioni

Nimeketi mbele kabisa. Mkuu, siku gani inafaa kwa Arusha? Kila Jumamosi kumbi zimeshikwa na harusi na send-off.

#3 SakafuLaini

Jumamosi iacheni. Hata mkipata ukumbi, nusu ya watu wenu wako kwenye kamati ya harusi ya mtu. Praktika iwe katikati ya wiki, Jumatano saa 12 na nusu mpaka saa 2 na nusu usiku. Milonga iwe Jumapili saa 10 jioni mpaka saa 1, mara moja kwa mwezi. Watu wametoka ibadani, wamekula, wamepumzika, na daladala bado zipo wakati wa kurudi. Buenos Aires kwenyewe milonga za mchana zipo, kwa hiyo hamjaharibu kitu.

#4 KingoYaSpika

Muda wa saa 3 unaishaje, nijibu upande wangu. Mpangilio uliozoeleka ni tanda 2 za tango, 1 ya valsi (tango ya mapigo matatu), 2 za tango, 1 ya milonga, halafu unarudia. Tanda ya tango ni nyimbo 4, za valsi na milonga ni 3 kila moja. Nyimbo nyingi ni dakika 2 na nusu mpaka 3. Mzunguko mmoja pamoja na kortina zake unakula kama saa 1 na dakika 6. Saa 3 ni tanda 16 hivi. Andaa 20, zile 4 za ziada ni za kubadilisha ukiona sakafu imepoa.

Usichanganye okestra ndani ya tanda, wala miaka inayopishana sana. Okestra ya D'Arienzo ya 1937, Biagi akiwa kwenye piano, ni kali na ya kukatika. Okestra ya Di Sarli ya miaka ya 1950 ni pana, violini zinavuta, unaweza kutembea kama uko kwenye barabara tupu. Mtu anaamua amwombe nani baada ya kusikia wimbo wa kwanza. Ukimgeuzia muziki katikati umemvunjia makubaliano.

Kwa ukumbi wenye wanafunzi wengi anza na D'Arienzo na Canaro, mapigo yanasikika wazi. Troilo weka watu wakishapata joto. Pugliese asubiri saa ya pili, na tanda yake moja tu, kwa sababu muziki wake unasimama, unavuta pumzi, unarudi, na mwanafunzi wa miezi 3 anabaki amening'inia. Mwisho kabisa ni La cumparsita ya Matos Rodríguez wa Montevideo. Ikipigwa hiyo watu wanajua wakafuate viatu vyao.

Kortina ndiyo inayotushinda hapa kwetu. Kwingine DJ anapiga kipande cha jazi, watu wanarudi kwenye viti. Huku ukiweka rumba ya zilipendwa hakuna anayeondoka, wanaanza kucheza rumba! Ukiweka taarabu ya zamani yenye fidla na kodiani, mgeni hajui kama ni kortina au tanda mpya. Chagua kitu kisichofanana na tango na kisicho na mdundo wa kiuno, sekunde 30 mpaka 40, kisha shusha sauti taratibu mpaka kimya. Sakafu isipokuwa tupu usianze tanda. Subiri.

#5 MzeeWaRumba

Vijana, haya mambo mazuri, lakini hiyo habari ya kuombana dansi kwa macho mnaitoa wapi? Kwenye dansi la bendi mwanamume anakwenda mezani, anainama kidogo, ananyoosha mkono, imekwisha. Mtu akimkodolea macho mama wa watu kutoka upande wa pili wa ukumbi hapa Arusha ataulizwa "unanijua?" Mnatengeneza ugomvi.

#6 BintiTanda

Shikamoo mzee. Hoja yako ina uzito na ndiyo maana lazima kitu hiki kifundishwe darasani, kisiachwe kwa watu kujiotea. Kinaitwa kabeseo.

Faida yake iko kwenye kukataa. Ukienda mezani ukanyoosha mkono, ukumbi mzima umeona. Yule dada akikataa umeaibika, akikubali kwa kukuonea haya atacheza dakika 12 huku anahesabu nyimbo. Kwa macho, aliyekataa ameangalia pembeni tu, hakuna aliyejua kitu. Kijana anaweza kumwomba mama wa umri wa shangazi yake bila kusimama mbele yake akitetemeka, na mama naye anaweza kumwomba kijana, maana macho ni ya wote wawili.

Namna inavyokwenda: kortina inapigwa, watu wanarudi kwenye viti. Wimbo wa kwanza unaanza, umeitambua okestra. Unamtazama unayemtaka sekunde 2 au 3, si zaidi. Akipitisha macho, nawe pitisha. Akiyashika, unainamisha kichwa kidogo, au unainua nyusi kama tunavyoitikia "eeh" bila kufungua mdomo. Naye akiitikia hivyo hivyo, mmekubaliana. Anayeongoza ndiye anayetembea, na anazunguka pembeni, hakatizi sakafu. Anayefuata anabaki ameketi mpaka mwenzake amesimama mbele yake kabisa. Hapa ndipo pana ajali: mwanamume anaangalia meza ya nyuma, dada wa mbele anadhani ni yeye, anainuka, wanainuka wawili. Ukibaki kwenye kiti mpaka afike, kosa halionekani.

Kukonyeza hakumo. Mkonyezo ni ujumbe mwingine na kila mtu mjini anaujua.

#7 MzeeWaRumba

Marahaba binti. Sawa, nimekuelewa kwenye kukataa. Lakini ukumbi wa taa nyekundu zile za disko nitayaona wapi hayo macho?

#8 BintiTanda

Hutayaona, ndiyo maana taa hizo zizimwe. Kipimo ni rahisi: kaa kiti cha kona, mwenzako akae kona ya mbali kabisa, asome unachokisema kwa midomo tu bila sauti. Akishindwa, ongezeni taa za rangi ya manjano, ziwe pembeni zikimulika ukutani. Viti vipangwe vikitazama sakafu pande zote nne. Meza za duara za harusi hazifai, nusu ya watu wanawapa wenzao mgongo. Na wanandoa wakitaka kucheza na wengine wasikae kiti kwa kiti, maana kwa desturi ya tango waliokaa wamebanana wanasomeka kama hawataki kusumbuliwa.

Kitu kingine cha kwetu peke yetu: neno "asante". Kwenye tango ukisema asante katikati ya tanda maana yake umemaliza, hutaki kuendelea na huyo mtu. Sisi tumelelewa kushukuru kwa kila kitu, wimbo wa kwanza ukiisha tu "asante sana kaka". Mgeni aliyecheza nchi nyingine anakurudisha kwenye kiti chako uso umemshuka, na wewe huelewi umemkosea nini. Kati ya wimbo na wimbo semeni lolote: muziki mzuri, joto leo, umetoka Moshi saa ngapi. Asante iwekeni mpaka kortina ilie.

#9 Njiro_Jioni

Hii ya asante imenifungua macho. Mods wakiweza waibandike juu.

#10 KisiginoSaba

Niongeze upande wa ronda. Karibu kila mgongano una chanzo kimoja, ile hatua ya kwanza ya "hatua nane za msingi". Anayeongoza anaanza kwa kurudi nyuma na mguu wa kulia. Kwenye darasa tupu hakuna shida. Kwenye ronda nyuma yake kuna jozi nyingine inakuja mbele, naye anarudi moja kwa moja kwenye mguu wa dada wa jozi hiyo. Walimu, anzeni na hatua ya 2, ya pembeni kwa mguu wa kushoto, hiyo ya 1 ifuteni kabisa.

Kwenye hatua nane hizo hizo, namba 5 ndipo anayefuata anapokutanisha miguu, wa kushoto ukipita mbele ya wa kulia. Wengi wanasukuma kwa mkono ili mwenzao apishe mguu. Haitoki kwa mkono. Hatua ya 3 na ya 4 anayeongoza anatembea nje ya mwenzake, upande wa kulia wa mwenzake, huku kifua kimegeuka kikimtazama. Ya 5 anakutanisha miguu na kifua kinarudi mbele. Mguu wa kushoto wa mwenzake unakosa njia ya kupita nyuma moja kwa moja, unajipisha wenyewe. Kifua kikichelewa nusu pigo mwenzako anafunga miguu sambamba. Kikiwahi, anapisha kabla hajaweka uzito na anayumba. Ukiona anayumba usimkosoe yeye, angalia kifua chako.

Kuingia sakafuni: unasimama ukingoni, unamtafuta kwa macho anayeongoza jozi inayokuja, akikubali kwa kichwa unaingia mbele yake. Huingii kama bodaboda kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa. Ukishaingia baki kwenye njia yako, pita kona zote, usimpite aliye mbele hata kama anakokota. Akisimama, cheza papo hapo, hamisheni uzito kushoto na kulia. Mateke ya juu na ndoano za miguu ziacheni studio. Kisigino cha sentimita 8 kikikupata kwenye muundi utakikumbuka.

#11 Mama_wa_Kijenge

Habari zenu wanangu. Viatu nataka kuuliza. Vya tango vinatoka nje na bei haishikiki. Raba zinafaa?

#12 KisiginoSaba

Shikamoo mama. Raba hapana, na sababu ni goti. Kwenye ocho, ile hatua ya kugeuka inayochora namba nane, mwili unageuka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo. Raba inang'ang'ania sakafu, mguu unabaki pale pale, mwili unaendelea kugeuka, na kinachosokotwa ni goti. Chukua kiatu chochote kinachobana vizuri kisigino na chenye mkanda juu ya mguu, mpelekee fundi viatu abandue soli ya mpira na kupiga soli ya ngozi nyembamba, milimita 2 hadi 3. Sakafu ikiwa inateleza sana, ngozi yenye manyoyanyoya iangalie chini. Ikiwa ya kukwaruza, upande laini. Mwambie fundi ashone ukingoni, gundi peke yake inaachia kwa joto la msuguano. Kisigino cha sentimita 4 au 5, kipana, kinatosha kabisa kuanzia. Kwa praktika ya nyumbani, soksi kuukuu ivalishwe juu ya kiatu, inageuka bila shida.

#13 KingoYaSpika

Sauti, kwa kifupi. Rekodi za miaka ya 1930 na 1940 zilitengenezwa kwa sahani za mizunguko 78 kwa dakika, ni za mkondo mmoja, besi ndogo na mikwaruzo mingi. Mtu akiletewa spika za bongofleva kitu cha kwanza anapandisha besi, violini zinazama, piano inakuwa matope. Besi shusha, sauti za kati pandisha kidogo. Spika 2 ndogo zilizoinuliwa mita 2, pembe mbili zinazotazamana, zinashinda dude moja kubwa linalowapigia kelele walio karibu na kuwanyima walio mbali. Nyimbo zenyewe zina sauti zisizolingana, zisawazishe kwenye kompyuta kabla, si mbele za watu.

Umeme ukikatika: laptopu ina betri, spika haina. Tafuteni spika ya kuchaji hata kama ni moja. Jenereta ikiwa nje ya dirisha hakuna atakayesikia bandoneoni, ile kodiani ndogo ya tango. Na kwa hafla za kiingilio, mambo ya haki za kupiga muziki hadharani yanawahusu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waulizeni mapema.

#14 SowetoMoshi

Sisi huku Moshi tuko 6 tu, wanne wanafuata, wawili wanaongoza. Hakuna studio. Kila tukijipanga kwenda Arusha, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi usiku, watu wanakata tamaa. Kuna namna?

#15 SakafuLaini

Ipo mkuu. 6 inatosha praktika, haitoshi milonga, kwa hiyo msijilazimishe kuvaa suti. Baraza lenye terazo, kwa muda wa saa 2, joto la huko likishapungua jioni. Wote 6 wajifunze kuongoza na kufuata. Hata Buenos Aires zamani wanaume walikuwa wakifanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe, na aliyepitia kufuata huongoza kwa upole zaidi kwa sababu anajua mkono mzito unavyouma begani.

Mpangilio: dakika 20 za kutembea peke yenu kwa mapigo, dakika 40 za kitu kimoja tu, dakika 60 za kucheza mkibadilishana kila nyimbo 2. Msifundishane sakafuni kama hujaulizwa. Hilo linaua vikundi vidogo kuliko uhaba wa wanaume.

Halafu kuna jambo ambalo Arusha mnalijua na Moshi litawafika. Miji hii ina wageni wa kazi, huku watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, kwenu madaktari wa hospitali ya KCMC wanaokuja kwa muda. Wanakuja wanajua tango, kikundi kinawaegemea, mkataba unaisha, wanaondoka na muziki, spika na funguo. DJ, mtunza funguo na mtunza hela wawe wenyeji, wawili wawili. Mgeni afundishe, karibu sana, ila nyimbo zake azinakili kwenye diski ya kikundi siku ya kwanza.

#16 Mama_wa_Kijenge

Na usafi hamjautaja. Mkikumbatiana vile dakika 12, jamani! Shati la pili kwenye mkoba, taulo ndogo, peremende mlangoni. Marashi makali nayo yanakera kama jasho. Nyama choma na vitunguu iwe baada, si kabla. Vitafunwa karanga, matunda, chai na maji. Soda ikimwagika ifutwe hapo hapo kwa maji ya uvuguvugu, ile sukari inashika soli kama gundi.

#17 BintiTanda

Mama umesema kweli. Na kumbatio si lazima libane. Mtu akipenda nafasi, anaweka kiganja cha kushoto juu ya mkono wa anayeongoza badala ya kuzungusha shingoni, na anayeongoza anasoma hapo hapo kwamba leo ni kumbatio la wazi. Aliyetoka ibadani na kanga begani au mwenye mume aliyeketi pale ana uhuru wa kuchagua umbali wake, na haulizwi kwa nini. Anayemvuta mtu karibu kwa nguvu aambiwe pembeni na mwenyeji wa ukumbi siku hiyo hiyo. Akirudia asikaribishwe tena.

#18 MzeeWaRumba

Hapo mmenimaliza. Swali la mwisho: mwanamume anaitwaje kwa Kiswahili, mwongozaji? Na mwanamke mfuasi? Mfuasi nasikia kama tunaanzisha dhehebu.

#19 BintiTanda

Ndiyo maana tunasema "anayeongoza" na "anayefuata", mzee. Ni ndefu lakini haina sadaka, wala haisemi nani ni mwanamume.

#20 SowetoMoshi

Shukrani wakuu. Baraza tumelipata, mita 5 kwa 4, halina viti. Kuchora njia ya ronda kwa chaki ni sawa?

#21 SakafuLaini

Chaki inaingia kwenye soli na kuteleza. Tumieni utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, vipande vya sentimita 10 kwenye kona nne tu, sentimita 75 kutoka ukingoni. Wa plastiki msiuguse, ukibanduka pembeni kisigino kinanasa. Kwa kipimo hicho njia yenu ni mita 12, jozi zenu 3 zitazunguka kwa raha. Viti wekeni nje ya baraza, upande mmoja, vikitazama ndani.